Mkongo Umepita Barabarani

Mnara wa kwanza wa mawasiliano uliowahi kusimama Kagera ulidumu miaka michache tu. Wajerumani waliusimika Bukoba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ili kituo chao kizungumze na Mwanza juu ya maji bila waya. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Waingereza wa upande wa pili wa ziwa wakauona mnara ule kuwa ni hatari kuliko bunduki nyingi. Juni 1915 wakapakia askari wapatao 1,500 kwenye meli huko Kisumu, wakavuka, na tarehe 22 na 23 wakapigana mpaka wakauteka mji. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Walichokifuata ni mnara. Wakaubomoa, wakaharibu ngome, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli na kurudi walikotoka.

Katika habari yote ile hakuna mahali ambapo mtu wa Ihangiro anaonekana akiutumia mnara huo. Ulisimama kwenye ardhi ya Wahaya na haukuwa na neno nao. Ihangiro ni nchi ya kale ambayo leo sehemu yake kubwa ni Wilaya ya Muleba, na Nshamba ni mji mdogo wa humo, kwenye miinuko ya migomba na mibuni, jirani na Rubya yenye hospitali na seminari. Tangu siku zile mawasiliano yamepita juu ya vichwa vya watu wa Nshamba, yakapita kando yao, na miaka ya karibuni yakapita chini ya udongo. Kila yalipopita, swali lilikuwa lile lile: nani alipe ili yashuke hapa? Swali hilo limejadiliwa Dar es Salaam, Dodoma, Kigali na kwingineko, na watu walioketi kulijadili wengi wao hawajapata kufika Nshamba. Lakini majibu yao yote yameishia huko, kwenye meza ya wakala na kwenye kiganja cha bibi aliyeshika kitochi.

Kwa miongo mingi baada ya vita hapakuwa na mengi ya kusimulia. Posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa pamoja, na baada ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 makao makuu ya shirika yakahamishiwa Kampala. Kwa mtu wa Bukoba hilo lilikuwa jambo la maana, maana Kampala ni jirani yake kuliko Dar es Salaam. Halikudumu. Jumuiya ilivunjika 1977, Tanzania ikaunda Shirika la Posta na Simu lake yenyewe, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuvamia kaskazini mwa Mto Kagera. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukatoka vitani na jina jipya la Kagera. Ulitoka pia na barabara mbovu, na simu za mezani ambazo ungeweza kuzihesabu ofisi kwa ofisi.

Watu wa vijijini waliishi kwa barua. Bahasha iliandikwa sanduku la posta la parokia au la shule, ikasubiri mpaka padri au mwalimu aitangaze, na mtoto akatumwa kuipeleka kwa mwenyewe. Habari ya msiba ilikwenda kwa simu ya maandishi hadi mjini, kisha kwa miguu. Fedha kutoka kwa kijana aliye Mwanza au Dar es Salaam ilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa basi au mtu anayefahamika, na aliyetumiwa hakuwa na njia ya kujua imetoka lini wala ni kiasi gani.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, huko huko Muleba. Katika miaka iliyofuata Kagera ilizika vijana wake kwa wingi usiosemeka, na Nshamba ikawa mahali ambapo nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, katikati hapana mtu. Ndiyo maana miaka ya 1990 ulianzishwa pale mradi wa kuwasaidia yatima ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, na mwaka 2003 ukafuata Kwa Wazee, ambao ulianza kuwapa wazee fedha za kila mwezi kama pensheni. Ninayataja haya kwa sababu ukizungumzia simu Nshamba, unazungumzia nyumba za namna hii. Kamba inayomuunganisha bibi na mtoto wake pekee aliyesalia, ambaye anafanya kazi mbali, si anasa hata kidogo.

Na tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, ikiwa na watu waliopandia Bukoba na Kemondo. Walikufa zaidi ya mia nane. Redio ndiyo iliyoueleza mkoa mzima kwamba meli imezama, lakini redio haikuweza kumwambia mama wa Muleba kama mwanawe alikuwamo au la. Ili kulijua hilo ilibidi mtu afunge safari.

Wakati huo huo, huko Dar es Salaam, mjadala mkubwa ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria zilizolivunja Shirika la Posta na Simu. Kuanzia Januari 1994 kukawa na Shirika la Posta peke yake na Kampuni ya Simu, TTCL, peke yake, na juu yao Tume ya Mawasiliano kama mwamuzi. Mwaka huo huo kampuni ya Mobitel ikaleta simu za mkononi za kwanza nchini. Zilikuwa nzito, za bei ya kutisha, na zilikuwa za mji mkuu wa biashara.

Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa nzito, na tusiwapunje walioijadili. Simu ya mezani inahitaji nguzo na waya hadi mlangoni kwa mteja. Kwa desturi ya miaka mingi, fedha za simu za kimataifa na za mjini ndizo zilizokuwa zikilipia hasara ya vijijini. Ukiruhusu ushindani mara moja, wageni watachukua Dar es Salaam na Arusha, na kampuni ya umma ibaki na Nshamba bila fedha. Ukikataa ushindani, kampuni ya umma itaendelea kulala na wateja watasubiri laini miaka kwa miaka. Serikali ilichagua njia ya katikati. Februari 2001 iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa ubia wa kampuni ya MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, ikaipa TTCL miaka minne ya kuwa peke yake katika simu za mezani, kwa matumaini kwamba muda huo utatumika kusambaza laini.

Matumaini hayo hayakutimia. Bei iliyokubaliwa ilikuwa dola milioni 120. Wabia wakalipa nusu, kisha pakazuka mgogoro juu ya hesabu za kampuni na nusu ya pili. Laini za mezani nchi nzima hazikuwa zimefika laki mbili, wakati sensa ya 2002 ilihesabu Watanzania milioni 34.4, na hazikuongezeka. Miaka minne ya ulinzi ikapita na waya haukupanda mlima kwenda Nshamba. Mwaka 2016 Serikali ilinunua tena hisa zile kutoka kwa Bharti Airtel, ambao zilikuwa zimewafikia baada ya kupita mikono kadhaa, na TTCL ikarudi kuwa mali ya umma kikamilifu.

Kilichofika Nshamba kilipitia mlango mwingine. Simu za mkononi hazikufungwa na ulinzi ule. Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel 2001, na kampuni hizi zikakimbizana mkoa kwa mkoa kuweka minara. Mwaka 2003 sheria mpya iliunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji kuwa chombo kimoja, TCRA. Mwezi Februari 2005, siku za TTCL kuwa peke yake zilipokwisha, TCRA ikaleta mfumo mpya wa leseni usiouliza unatumia teknolojia gani, bali unatoa huduma gani na kwa eneo gani. Kufikia mwisho wa mwaka huo laini za simu za mkononi zilikuwa zinakaribia milioni 3. Kufikia 2010 zilikuwa milioni 21 hivi.

Waliokuwapo wanaijua miaka ile kwa mwili. Mawimbi yalikuwa na mahali pake: kwenye kichuguu fulani, chini ya mti fulani, pembeni ya ukuta wa kanisa upande wa mashariki. Mtu alikwangua vocha kwa ukucha au sarafu, taratibu, akiogopa kuifuta namba pamoja na ile rangi ya fedha. Akaingiza tarakimu huku mjukuu akimsomea moja moja, akapiga, akazungumza kwa haraka akiangalia sekunde. Asiye na salio alibipu, na kubipu kukawa lugha: mara moja nimefika, mara mbili nipigie. Wakulima wa kahawa wakapata kitu ambacho babu zao hawakuwa nacho. Aliyekuwa akishawishiwa kuuza kwa butura, yaani kuuza kahawa ikingali maua mtini kwa bei ya njaa, sasa angeweza kwanza kumpigia ndugu yake Bukoba au Mutukula mpakani na kumuuliza bei ya sokoni. Dhiki ya fedha inayomsukuma mtu kwenye butura simu haikuiondoa. Ilimwondolea giza tu.

Aprili 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa, na ile bahasha ya dereva wa basi ikapoteza kazi. Ninaamini hakuna badiliko la mawasiliano lililoingia ndani ya nyumba za Nshamba kwa kina kama hili. Ukitaka kuliona, simama kwenye kibanda cha wakala. Kuna meza ndogo, daftari la mistari lenye majina, namba na kiasi vilivyoandikwa kwa kalamu ya bluu, na simu mbili zilizofungwa kwa mpira wa rubabendi ili betri isichomoke. Bibi anafungua pindo la kanga na kutoa simu yake. Anampa wakala aisome. Wakala anamtajia jina la aliyetuma, na bibi analirudia jina hilo kwa sauti kabla hajauliza kiasi.

Lakini kampuni ya biashara hujenga mnara mahali penye biashara. Kata yenye watu wachache, umeme wa shida na barabara mbovu haiingii kwenye hesabu zake, na wanasiasa walilijua hilo mapema. Sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Wazo lake ni rahisi. Kila kampuni ya mawasiliano inachangia sehemu ya mapato yake, Mfuko unatangaza kata zisizo na huduma, na kampuni inayokubali kujenga huko kwa ruzuku ndogo kuliko wenzake ndiyo inayopewa kazi. Kampuni zilinung'unika kwamba zinatozwa mara mbili. Wabunge wa vijijini nao walilalamika kwamba Mfuko unakwenda polepole. Nikipima pande zote mbili, naona wabunge walikuwa na haki zaidi, kwa sababu ruzuku haina maana ikiwa hakuna anayejitokeza kuiomba. Ndiyo maana mwaka 2014 Serikali iliingia makubaliano na Viettel ya Vietnam ifikishe huduma kwenye vijiji 4,000, na Halotel ikazinduliwa Oktoba 2015 ikiwa na masharti hayo mabegani.

Sasa nije kwenye intaneti yenyewe, maana hapa ndipo Kagera ilipogeuka kuwa njia panda.

Kabla ya 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. Kila barua pepe ilipanda kwa setilaiti na kushuka, na megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Mpango wa kuleta mkongo wa EASSy ulikuwa mezani tangu mwaka 2003, ukakwama kwenye swali la umiliki. Kampuni kubwa za simu zilitaka klabu ya wawekezaji, ambamo asiye mwanachama atanunua kwa bei itakayopangwa na wanachama. Serikali kadhaa, kupitia NEPAD, mpango wa maendeleo wa Afrika, zilitaka mkongo ulio wazi kwa kila mwenye leseni kwa bei moja, na Agosti 2006 zikatia saini itifaki ya Kigali. Kenya ilichoka kusubiri na ikaamua kujenga wa kwake, TEAMS, kutoka Mombasa hadi Falme za Kiarabu. Wakati wenye klabu na wenye itifaki wanaendelea kuvutana, kampuni binafsi ya SEACOM ikawahi. Julai 2009 mkongo wake ukawashwa Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010.

Mkongo ukifika ufukweni bado haujafika nchini. Nani aumiliki ule wa kuvuka bara? Kampuni binafsi zilisema ziachiwe zijenge, na baadhi yao zikaungana kujenga wa kwao. Serikali ikasema barabara kuu ya mawasiliano ni kama barabara ya lami, haiwezi kuwa mali ya dereva mmoja. Kwa mkopo wa China wa dola zipatazo milioni 170 ikaanza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kazi ikifanywa na kampuni ya CITCC, na TTCL ikakabidhiwa kuusimamia. Awamu ya kwanza ilikamilika 2010, ya pili 2012, jumla kilomita 7,560.

Tazama ramani yake. Mkongo unatoka nje ya nchi kwenda Uganda kupitia Mutukula, kwenda Rwanda kupitia Rusumo, kwenda Burundi kupitia Kabanga. Malango hayo yote matatu yako Mkoa wa Kagera: Mutukula Wilaya ya Missenyi, Rusumo na Kabanga Wilaya ya Ngara. Mkoa ulioandikwa kwa miaka mingi kama pembe ya mbali ya Tanzania ukawa koo ambalo kupitia humo nchi tatu zisizo na bahari hupumua. Nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ndani ya bomba la plastiki, zimefukiwa ardhini na kuwekewa vinguzo vifupi vya alama ili trekta lisizikate. Zinabeba sauti, fedha na picha za Kigali na Bujumbura.

Kwa Kigali huo ulikuwa wokovu. Kwa Nshamba, mkongo umepita barabarani. Kati ya njia kuu na kata ya milimani kuna kipande ambacho hakikuwa kwenye mkopo wa China wala kwenye mpango wa biashara wa kampuni yoyote. Mnara wa simu ulioko kijijini unaweza kulishwa na mkongo ukipelekewa waya, au ukalishwa kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, ambao nao unalishwa na mwingine. Kila hatua hupunguza kasi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na alama zote za mtandao juu ya kioo cha simu yake na bado mwanafunzi akasubiri ukurasa mmoja wa mtihani wa zamani ufunguke mpaka kengele inalia. Aliyezoea kuambiwa kwamba tatizo ni simu yake ajue kwamba mara nyingi tatizo ni njia ya nyuma ya mnara. Kikwazo kingine kilikuwa cha sheria na si cha waya: kwa muda mrefu anayepitisha mkongo kwenye hifadhi ya barabara alitozwa dola 1,000 kwa kilomita. Ada hiyo baadaye ilishushwa sana. Uamuzi kama huo hausomwi na watu wengi gazetini, lakini ndio unaoamua kama kipande cha kwenda kijijini kinajengeka.

Kuhusu bei, mapambano makali yalikuwa mawili, na yote mawili yanafaa kukumbukwa kwa tarehe.

La kwanza ni gharama za mwingiliano, yaani fedha ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine mteja wake anapopiga simu kwenda huko. Zilikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Kwa sababu hiyo kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na kila mtu aliyejiweza alibeba laini tatu: moja ya ndugu wa Mwanza, moja ya wateja wa ndizi, moja ya shule. Kampuni kubwa zilipenda hali hiyo kwa sababu iliwafunga wateja ndani ya uzio wao. TCRA ikaamua: kuanzia Machi 2013 gharama zishuke hadi shilingi 34.92, ziendelee kushuka hadi 26.96 mwaka 2017, na katika awamu iliyofuata zishuke mpaka shilingi 2.00 mwaka 2022. Machi 2017 ikaongeza haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Hii ndiyo kazi bora ya mdhibiti ninayoweza kuionyesha kwa kidole. Hakuna aliyejengewa mnara kwa uamuzi huo, lakini uzio ulivunjwa.

La pili ni la Aprili 2021. Wananchi walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba bando linaisha bila kueleweka, na TCRA ikatoa kanuni za vifurushi, zikiwamo bei za chini na za juu: megabaiti moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala juu ya shilingi 9.35. Nia ilikuwa kuleta utaratibu. Lakini piga hesabu: kwa bei ya chini kabisa gigabaiti moja haiwezi kushuka chini ya shilingi 2,000 na ushei. Tarehe 2 Aprili kampuni zilipotangaza vifurushi vipya, watu walijikuta wanapata kidogo kwa fedha ile ile, na kelele zikasikika nchi nzima. Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Dkt. Faustine Ndugulile, akaagiza bei za zamani zirudi. Wapo waliosema Serikali iliyumba. Mimi naona iliwasikiliza watu. Kosa lilikuwa kuweka sakafu ya bei katika nchi ambayo mnunuzi wa kawaida hununua bando la siku moja, kwa sababu hana fedha ya kununua la mwezi.

Kodi nazo zilikuwa na hadithi yake. Mwaka 2013 ilipitishwa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini, ikapingwa, ikaondolewa kabla mwaka haujaisha. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, ili kujenga madarasa na vituo vya afya. Madarasa yalijengwa, na hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba kijana anayemtumia bibi yake fedha za chumvi na sabuni alitozwa kwa kitendo cha kumkumbuka. Septemba ya mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 ikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta tozo ya kutuma. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kikomo chake Januari 2020, uliwabana wazee namna nyingine: asiye na namba ya kitambulisho cha taifa hakuweza kusajili, na vidole vilivyoshika jembe miaka sitini si rahisi mashine kuvisoma.

Tarehe 13 Mei 2023, mjini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26, kazi ya shilingi bilioni 265.3. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza ule mjadala wa 1993 ulipata jibu la ukubwa unaolingana nao: soko limefika linakoweza kufika, na palipobaki umma unalipa. Nilifurahi kuona hivyo, na bado nafurahi.

Hata hivyo mambo mawili yametuonyesha jinsi tulivyoning'inia kwenye uzi. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikayumba kwa siku kadhaa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote ikarudi mwanzoni mwa Novemba. Bahari inaweza kukata, nasi tukasubiri meli ya mafundi. Lakini ya pili ilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Sheria za mawasiliano tulizonazo, kuanzia ile ya 2003 hadi Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, EPOCA, ya 2010, zimeandika kwa kirefu wajibu wa kampuni kwa mteja. Wajibu wa dola kutomzimia mteja huyo njia yake ya fedha, tiba na habari haujaandikwa kwa uwazi huo huo, na inafaa uandikwe.

Nina ombi kwa madiwani wa Muleba na kwa wabunge wetu. Mara nyingi kwenye vikao huombwa mnara, mnara ukija shukrani hutolewa, na hoja hufungwa. Ombeni na waya wa kuulisha. Mkongo wa Taifa ni mali ya umma na umekwisha kupita katika mkoa huu kwenda nchi tatu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote una mamlaka ya kutoa ruzuku, na ada ya barabara imeshushwa. Mfumo wa leseni wa 2005 unaruhusu hata leseni ya ngazi ya wilaya, kwa hiyo chama cha ushirika au halmashauri ikitaka kusambaza huduma yenyewe haikatazwi. Anzeni na hospitali ya Rubya na shule za sekondari za Nshamba, kwa kipande kimoja cha mkongo kutoka barabara kuu. Bomba liko pale, limefukiwa, na lina alama.